Nilifika Versailles Siku ya Jumatatu

(Hotuba hii niliitoa Iringa mbele ya waongoza watalii na walimu wa historia. Mvua iliwazuia wenzetu wengi wa Kilolo na Mufindi, nao wakaomba niiweke yote. Picha za ukutani nimeziacha. Maneno ni yaleyale, pamoja na pale nilipopotea njia.)

Kamwene!

Bado. Kamwene! Haya, sasa nimesikia watu.

Ndugu zangu, walimu wenzangu, na ninyi vijana mlioanza kuongoza wageni juzi tu na tayari mna kofia pana kutuzidi sisi wazee: nimeombwa nisimulie safari yangu ya Ufaransa. Nilipopata mwaliko nikajiuliza, mama wa Kalenga atawaambia nini watu wa Iringa kuhusu jumba la mfalme wa Kifaransa, tena baada ya wali, wasisinzie? Nitajaribu. Atakayesinzia asikorome.

Kwanza niungame. Nilifika Versailles siku ya Jumatatu.

Binti yangu anaishi Paris. Akaniambia, "Mama, Jumatatu siendi kazini, nitakupeleka kwa mfalme." Tukapanda treni ya RER, njia ya C, mpaka kituo cha mwisho. Tukatembea barabara pana yenye miti huku na huku, na mbele yetu geti linang'aa dhahabu kama jino la tajiri. Tukakaribia. Limefungwa. Jumba hufungwa kila Jumatatu! Mimi huyu, miaka 22 naongoza wageni, kila wiki nawacheka wanaokuja bila kuuliza saa za kufungua. Binti yangu aliangalia viatu vyake. Mimi niliangalia geti.

Lakini bustani zilikuwa wazi, na siku ile hazikuwa na kiingilio. Tukazunguka kwa ubavuni. Na leo nawaambia, namshukuru Mungu kwa Jumatatu ile. Kama ningeingia kwa mlango wa mbele, ningeona kile ambacho mfalme alitaka nione.

Mnadhani natania? Louis wa 14, mfalme mwenyewe, aliandika mwongozo wa namna ya kuwaonyesha wageni bustani zake. Hakumwachia karani. Kati ya 1689 na 1705 aliurekebisha mara kadhaa. Na umeandikwaje? Kama sisi tunavyosema kazini! Toka jumbani kwa mlango huu. Nenda kwenye baraza. Simama juu ya ngazi, tazama mpangilio wa maua na mabwawa. Kisha geuka kushoto. Shuka. Simama. Tazama. Ndugu zangu, huyu ni mfalme mwenye jeshi kubwa kuliko yote Ulaya ya wakati ule, na anahangaika uanzie ngazi ipi. Kwa nini?

Kwa sababu anayekupangia pa kusimama ndiye anayekupangia cha kuona. Ninyi waongoza watalii mnalijua hilo. Ukitaka mgeni asione jalala, unamsimamisha upande wa pili wa mti.

Basi na mimi Jumatatu ile nikasimama pale alipotaka, juu ya ngazi, jumba likiwa mgongoni. Nisiwafiche: panapendeza. Chini yako kuna chemchemi ya kuchongwa ya Latona, mungu wa kike wa hadithi za kale, halafu zulia refu la majani, halafu bwawa la Apollo, mungu wa jua, anaibuka majini na farasi wake. Nyuma yake Mfereji Mkuu, umenyooka mita 1,670 kuelekea machweo. Hii ndiyo sanaa ya baroko, jamani: kila kitu kinatembea, kila kitu kinakuita, na kila mstari ukiufuata kwa jicho unaishia chumbani kwa mtu mmoja. Mtu wa bustani aliyeipanga aliitwa André Le Nôtre. Ukisimama juu unaona mfereji uko hapo tu, dakika tano. Ukianza kutembea unagundua umedanganywa. Miguu yangu ilijaa changarawe, nikakaa mara mbili, na maji bado yako palepale.

Le Nôtre huyo, kwa taarifa yenu, mfalme hakuwa wa kwanza kumpa bustani kubwa. Yuko waziri wa fedha, Nicolas Fouquet. Alijenga jumba lake, Vaux-le-Vicomte, akawaweka pamoja fundi majengo Louis Le Vau, mchoraji Charles Le Brun na huyo Le Nôtre. Tarehe 17 Agosti 1661 akamwalika mfalme kwenye karamu. Vyakula, maigizo, fataki, maji yanaruka. Mfalme alikuwa na miaka 22. Akala, akatazama, akaondoka. Haikufika hata wiki tatu, Fouquet akakamatwa, na hakutoka tena kifungoni mpaka kufa. Mafundi wote watatu wakahamia kwa mfalme. Hata michungwa ya Fouquet ilihamishwa! Mnacheka. Mnacheka kwa sababu kila mmoja wenu anamjua Fouquet wa mtaani kwake, yule aliyejenga nyumba ndefu kuliko ya bosi.

Sasa nije kwenye maji, maana hapo ndipo Jumatatu ilinifundisha.

Siku ile chemchemi zilikuwa zimezimwa. Latona amesimama juu na watoto wake wawili, na kumzunguka kuna vyura wa rangi ya dhahabu, na watu waliogeuka nusu: kichwa cha chura, mikono ya binadamu. Hadithi yake ni ya kale. Latona alikuwa na kiu, akaomba maji kwa wakulima. Wakamnyima, tena wakayavuruga matope kwa miguu. Wakageuzwa vyura. Kwetu mtu akinyima maji kwa mpita njia, tunasema nini? Hata chura ni heshima!

Lakini nilipoduwaa pale, binti yangu akavuta picha kwa simu, akanionyesha mdomo wa chura mmoja. Ndani ya mdomo kuna bomba. Bomba dogo, jeusi, jembamba kama kidole. Siku ya maji huwezi kuliona, linafichwa na povu. Nikamwambia, "Hilo ndilo nililolifuata huku."

Kwa sababu, ndugu zangu, Versailles haina maji. Mahali pale palikuwa na kinamasi na vilima. Baba yake Louis alijenga kijumba cha kuwindia mwaka 1623, kwa sababu palikuwa na wanyama. Mto hakuna. Na mtoto wake akataka mamia ya chemchemi zirushe maji juu. Maji yatoke wapi?

Walichimba mabwawa. Hayakutosha. Wakajenga vinu vya upepo vya kupandisha maji. Havikutosha. Wakaenda mtoni Seine, pale Marly, wakajenga mtambo wa magurudumu 14, kila moja refu kuliko nyumba ya ghorofa mbili, ukisukuma maji mlimani kwa zaidi ya mita 150. Ulikamilika 1684. Ulipiga kelele usiku na mchana, ukaharibika kila mara, na bado hayakutosha. Mwaka 1685 wakaamua kuvuta mto Eure mzima kutoka mbali. Makumi ya maelfu ya askari wakapewa sepetu. Homa ikawashukia kambini, wakafa wengi. Mwaka 1688 vita ikaanza, kazi ikaachwa. Matao ya daraja lile la maji yapo hadi leo pale Maintenon, yamesimama yenyewe kama mbavu za tembo, hayajawahi kupitisha hata ndoo moja kwenda Versailles.

Sasa mfalme afanyeje na maji hayatoshi? Hapa nisikilizeni, hii ni ya wajanja. Chemchemi zilifunguliwa pale alipo yeye tu. Mfalme akikaribia, vijana wanapiga filimbi, fundi anafungua koki. Mfalme akipita, wanafunga, wanakimbilia ya mbele. Yeye mwenyewe kila alikogeuka aliona maji. Kila alikogeuka! Na nyuma yake pakavu.

Nawauliza: mnakumbuka ziara za wakubwa, barabara inavyopakwa chokaa usiku wa kuamkia? Sijataja mtu.

Na waliojenga? Mwaka 1678 mwanamke wa tabaka la juu, Madame de Sévigné, aliandika katika barua zake kwamba vibarua wa Versailles wanakufa kwa wingi, na usiku mikokoteni inatolewa imejaa maiti. Usiku, ili wengine wasione. Mwongozo wa mfalme haukusema tusimame wapi tuitazame mikokoteni ile.

Jumamosi tukarudi, safari hii na tiketi. Muziki wa zamani unatoka vichakani, watu wamejaa, nami nikasimama tena mbele ya chura wangu. Kwanza akakohoa. Kweli, alikohoa, hewa inatoka bombani, tsh, tsh, mara maji membamba, mara mshale mweupe unaomfikia Latona kiunoni. Watu wakapiga makofi. Nilipiga makofi na mimi, kwa nini nisipige? Mtu anaweza kujua habari za bomba na bado akafurahia maji.

Nipitie haraka banda la michungwa, maana wenzetu wa Muheza wangenisuta nikiliruka. Ni jengo la mawe chini ya baraza, limeelekea kusini, kuta nene, baridi kali ya kwao haiingii. Ndani wanalala wakati wa baridi michungwa, mitende ya mapambo, mikomamanga, miti zaidi ya 1,000 kwenye masanduku ya mbao. Masika yakifika inatolewa nje kama wagonjwa wanaoota jua. Yako machungwa ya miti mizee kuliko nchi yetu. Nikakumbuka Muheza msimu ukichanganya, machungwa marundo kwa marundo kando ya barabara, hayana mnunuzi. Huku mchungwa una nyumba ya mawe na watumishi.

Turudi jumbani. Ndani sikukawia sana, na wala sitawakawiza. Vyumba vina majina ya miungu, dari zote zimechorwa, watu wanatembea wameinua shingo kama twiga. Mfalme na watu wake wa ikulu walihamia hapo tarehe 6 Mei 1682, na tangu siku hiyo kuamka kwake kulikuwa ibada: nani amshikie shati, nani ashike mshumaa. Watu wakubwa waligombania mshumaa! Lakini jambo moja lilinishangaza. Jumba lilikuwa wazi kwa watu. Mwanamume yeyote aliyevaa nadhifu, akiwa na upanga, aliruhusiwa kuingia. Huna upanga? Ulikuwa unakodishwa pale getini, kama mtu anavyoazima koti la harusi. Tarehe 5 Oktoba 1789 walifika wanawake wa Paris kwa miguu, mvua inanyesha, wanadai mkate. Hao hawakukodi upanga. Kesho yake Louis wa 16 na familia yake wakaondolewa, na hakuna mfalme aliyeishi tena mle.

Halafu ukafika Ukumbi wa Vioo.

Una urefu wa mita 73. Upande mmoja madirisha 17 yanatazama bustani, upande mwingine matao 17 ya vioo, kila tao vioo 21. Zidisheni wenyewe, walimu wa hesabu mpo: 357. Leo kioo ni cha kunyolea. Wakati ule siri ya kioo kikubwa ilikuwa ya Venice, na waziri Colbert aliwarubuni mafundi wa Venice kwa fedha wahamie Ufaransa. Mgongo wa kioo ulipakwa bati na zebaki, zebaki ileile ambayo wachimbaji wa Chunya wanakamatia dhahabu, mnajua inavyowafanya watu.

Nilisimama katikati. Nikajiona mara nyingi, na kitenge changu, na mkoba. Vioo vile vya zamani vinakuonyesha kama umesimama ndani ya chai ya rangi. Mwongozaji wetu wa siku ile, kijana mpole, alieleza dari kwa dakika kumi: vita vya mfalme, ushindi wa mfalme, mfalme katika mawingu. Halafu akasema, "Na hapa ndipo uliposainiwa mkataba wa mwaka 1919." Sentensi moja. Akasogea.

Mimi sikusogea.

Kwa sababu, watu wa Iringa, ukumbi ule ni wetu pia. Nisikilizeni. Tarehe 18 Januari 1871, humo humo, huku wakiishinda Ufaransa vitani, Wajerumani walitangaza dola yao. Dola hiyo ndiyo iliyokuja huku. Ndiyo iliyopigwa na watu wetu Lugalo mwaka 1891, akafa kamanda wao Zelewski. Ndiyo iliyorudi na mizinga, ikaivunja ngome ya Kalenga mwaka 1894. Ndiyo iliyomfukuza Mkwawa, chifu wetu wa Wahehe, porini mpaka mwaka 1898, alipojiua mwenyewe asishikwe. Wakamkata kichwa, na fuvu likaenda Ujerumani.

Halafu tarehe 28 Juni 1919 wajumbe wao wawili, Hermann Müller na Johannes Bell, wakaingizwa humo humo, mbele ya vioo vilevile, wakasaini kushindwa. Wafaransa hawakuchagua ukumbi ule kwa bahati mbaya. Walitaka Mjerumani ajione.

Na ndani ya mkataba ule mlikuwa na nini? Mlikuwa na sisi. Ujerumani ikaachia makoloni yake yote. Kutokana na hapo Tanganyika ikaenda kwa Waingereza, Rwanda na Burundi zikaenda kwa Wabelgiji, na kule kusini Kionga ikaenda kwa Wareno. Wazee wetu waliobebeshwa mizigo ya vita ile, wale ambao Kariakoo ya Dar es Salaam imebaki na jina la kikosi chao, nani aliwauliza? Pale mezani hakuwepo Mhehe. Hakuwepo Mnyarwanda. Hakuwepo Mmakonde wa Kionga.

Lakini kichwa kilikuwepo! Ibara ya 246. Walimu, wasomesheni watoto namba hiyo. Mkataba una ibara 440, mambo ya meli, makaa ya mawe, mipaka, fidia, na katikati yake imeandikwa kwamba Ujerumani, ndani ya miezi sita, iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Kwa jina. Mtu wa Kalenga, kwa jina, Versailles.

Miezi sita ikapita. Mwaka ukapita. Wajerumani wakasema hawalioni. Ilipita miaka 34! Mpaka Gavana Twining alipokwenda Bremen mwaka 1953, akakuta makumbusho yenye mafuvu mengi, akalichagua moja kwa kulinganisha na vipimo vya vichwa vya ndugu wa marehemu. Tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu, yule aliyekuja kuwa Spika wetu wa Bunge. Wapo wanaouliza kama ni lenyewe kweli. Mgeni akiniuliza, namwambia wapo wanaouliza.

Sasa niwape kitu kimoja kilichonikera nikiwa kule, halafu niwaachie maiki. Mapinduzi yalipokwisha kumwondoa mfalme, samani za jumba zilipigwa mnada, 1793 hadi 1794, mafungu zaidi ya 17,000. Vitanda, saa, viti, vyote vikatawanyika duniani. Na leo wanavirudisha. Kimojakimoja! Aliyeisukuma kazi hiyo ni msimamizi wao Gérald Van der Kemp, ambaye alishika usukani mwaka 1953. Hariri ya chumba cha malkia ilifumwa upya Lyon kwa michoro ya zamani. Kiti kimoja kikionekana kwenye mnada ng'ambo, wanakifuata. Mimi siwalaumu, ndivyo kazi yetu inavyotakiwa. Ila mwaka 1953, mwaka uleule, sisi tulikuwa tunatafutiwa kichwa, kwenye kabati, katikati ya vichwa vya watu wengine ambao majina yao hakuna aliyeyaandika katika ibara yoyote. Wale je? Nani anawafuata?

Nilitoka jumbani nikiwa kimya. Binti yangu akaninunulia aiskrimu ya bei ya kuku.

Miezi michache baadaye nilikuwa kazini Kalenga. Wakaja wageni wawili, mume na mke, wastaafu, Wafaransa. Chumba chetu cha makumbusho mnakijua, hakina dari ya kuinulia shingo. Kuna mikuki, ngao, na kile kisanduku cha kioo. Nikawasimulia kama ninavyosimulia kila siku, ila safari hii nikaongeza Ukumbi wa Vioo na ibara ya 246. Mzee akaniambia amekulia karibu na Versailles, ameingia ukumbi ule tangu utotoni, mara hazihesabiki. "Nilikuwa natazama juu," akasema.

Mkewe akaniuliza, "Mama, tusimame wapi?"

Sikujua kama alikuwa anauliza kwa ajili ya picha au kwa ajili ya marehemu. Nikasogeza kiti changu kando, nafasi ikapatikana ya watu wawili.